Mtandao Umekatika au Umekatwa?

Ipo sentensi moja ambayo katika mabweni ya vyuo vyetu hutamkwa mara nyingi kuliko salamu: "Hakuna mtandao." Huisema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetaka kusajili kozi zake kabla ya saa sita za usiku. Huisema mhadhiri aliyekwama na alama za darasa zima. Huisema hata fundi anapoitwa kuja kutazama. Wa kwanza, redio ya kipakatalishi chake imezimwa. Wa pili ana mawimbi tele ila mashine yake haikupewa anwani. Wa tatu amekuta kila kitu shwari, isipokuwa majina ya tovuti hayapatiwi nambari zake. Maradhi ni matatu, jina ni moja. Daktari anayeandika "mgonjwa anaumwa" katika kila faili hatungemwacha wodini hata siku moja. Fundi wa mtandao tunamkabidhi sentensi ya namna hiyo hiyo, kisha tunashangaa anapoizima ruta, akaiwasha, akaenda zake.

Msomaji mpendwa, dai langu ni kwamba umaskini tunaoulalamikia kila tunapozungumzia Kiswahili na teknolojia si umaskini wa nomino. Ni uvivu wa kutumia vitenzi tulivyo navyo tayari, tena vile vile tunavyotahiniwa kila muhula. Mwanafunzi awezaye kusimama ubaoni na kuchanganua "kata, katwa, katika, katisha" bila kusita, akishika mashine iliyogoma husema tu "neti imekataa". Elimu ya mnyambuliko ameiacha mlangoni mwa ukumbi wa mihadhara.

Nimechagua kuzungumzia vipakatalishi vinavyoendeshwa na Linux, na sababu zangu si mapenzi matupu. Kiini cha mfumo huu kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland; mwanafunzi, sawa na sisi. Ni mfumo usioficha matumbo yake. Mingine ikishindwa humwonyesha mtumiaji kialama cha mshangao na kumsihi ajaribu tena baadaye. Linux humpa shajara nzima ya yaliyotukia akiiomba kwa amri ya dmesg au journalctl. Aidha, hautozwi pesa, na jambo hilo lina uzito wake: tangu Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, vipakatalishi vikuukuu ambavyo Windows 11 haivikubali vimebakiwa na njia chache za kuendelea kutumika kwa usalama. Na mojawapo ya matoleo yake yanayojulikana sana, lililoanza kusambazwa mwaka 2004 kutoka kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, linaitwa Ubuntu, neno la lugha za Kinguni ambalo mzizi wake ndio mzizi wa utu wetu. Sioni kwa nini mfumo wenye jina la Kibantu uelezwe kwa Kiingereza peke yake.

Tuanze na redio yenyewe. Ukiandika rfkill list, mfumo hukujibu kwa mistari miwili kuhusu kila redio iliyomo: wa kwanza hueleza kama imezimwa na programu, wa pili kama imezimwa na swichi. Kwa lugha yetu zote mbili ni kauli ya kutendwa. Imezimwa; yupo aliyezima. Ikiwa ni programu, amri ya rfkill unblock wifi yatosha kuiwasha. Ikiwa ni swichi iliyo ubavuni mwa mashine, au kibonye kilicho kwenye baobonye, hakuna amri itakayofaa hata ukiirudia hadi alfajiri. Sharti kidole kifike pale. Sasa linganisha na redio iliyozimika. Kauli ya kutendeka haina mtendaji: pengine kadi imechakaa, pengine imelegea kwenye tundu lake. Anayesema "imezimika" mahali pa "imezimwa" humtuma ndugu yake mjini kununua kadi mpya, ilhali dawa ilikuwa ni kubonyeza tu.

Baada ya redio ni kadi, na hapa tuna jozi nyingine: kuonekana na kutambulika. Amri ya lspci -nnk huorodhesha vifaa vilivyopachikwa kwenye bodi kuu ya mashine. Iwapo kadi ni ya kuchomeka kwenye tundu la USB, atumie lsusb. Kadi ya waifai ikiwa kwenye orodha hiyo, inaonekana. Lakini tazama chini ya jina lake kama pana mstari unaotaja kiendeshi kinachoitumia. Mstari huo usipokuwepo, kadi yako imeonekana na haikutambulika, mfano wa mgeni aliyefika uani na asiyejulikana na yeyote nyumbani. Na hata kiendeshi kikiwepo, huenda kikakosa fimuwea. Watu huvichanganya vitu hivi viwili kila uchao. Kiendeshi huishi ndani ya kiini cha mfumo na kazi yake ni kuzungumza na kadi. Fimuwea ni programu inayomiminwa ndani ya kadi yenyewe mashine inapoamka, na bila hiyo kadi nyingi ni kipande cha plastiki na shaba. Kwa miaka mingi Debian, ambayo ndiyo iliyoizaa Ubuntu, haikuzitia fimuwea zisizo huru ndani ya kisakinishi chake rasmi, kwa sababu za kimaadili zinazoheshimika. Mtumiaji alijikuta akihitaji intaneti ili apakue kile kitakachompa intaneti. Wanachama walipiga kura mwaka 2022 kubadili msimamo huo, na toleo la 12 lililotoka Juni 2023 likaja nazo. Kwa hiyo aliye na toleo la zamani anayesema "kadi yangu mbovu" huenda anaisingizia kadi.

Sehemu inayonivutia zaidi ni ya kuona na kutoona. Katika bweni moja ambalo sitalitaja, wanafunzi wawili walikaa chumba kimoja. Simu ya mmoja iliuona mtandao wa chumba cha jirani aliyewakaribisha kuutumia. Kipakatalishi cha mwenzake, kilichowekwa mezani hapo hapo, hakikuuona kabisa, ingawa kiliiona mitandao mingine mitano. Hukumu ilitolewa palepale: Linux haifai. Lakini iw reg get ilionyesha kwamba kipakatalishi kile kilijihesabu kuwa kiko Marekani. Katika masafa ya gigahazi 2.4, waifai hugawanywa katika chaneli zenye nambari. Marekani hutumia ya 1 hadi ya 11, ilhali Kenya, kama nchi nyingi za Ulaya, hutumia ya 1 hadi ya 13. Ruta ya jirani ilikuwa imejichagulia chaneli ya 13. Amri ya iw reg set KE ikaihamishia mashine nyumbani, na mtandao ukajitokeza. (Kadi nyingine zimechongewa nchi kiwandani na hazisikii amri hiyo, hapo ni ruta ihamishwe chaneli.)

Sasa nauliza: ni kitenzi gani kilichofaa kueleza kisa hicho? "Mtandao umepotea" ni uongo, maana ulikuwepo hatua kumi kutoka kitandani. "Mtandao umekataa" ni uzushi, haukuombwa chochote. "Mashine haioni" ni karibu na kweli lakini inaituhumu upofu. Neno sahihi lilikuwa "imekatazwa". Mashine ilikatazwa kusikiliza chaneli hiyo, na mara tu neno hilo linapotamkwa, swali la pili huja lenyewe: imekatazwa na nani? Jibu la swali hilo ndilo lililokuwa tiba. Kauli ya kutendwa humlazimu msemaji kumtafuta mtendaji, na kutambua hitilafu kwa kiasi kikubwa ni kumtafuta mtendaji huyo.

Au chukua kukataa na kukataliwa. Mwanafunzi hulalamika kwamba eduroam, mfumo ambao hapa Kenya unaratibiwa na KENET na unaomwezesha mtu wa chuo kimoja kuunganishwa akiwa chuo kingine, umemkataa. Aghalabu ni kweli, kwa kuwa nywila aliyoandika si sahihi. Hata hivyo, uthibitishaji katika mfumo huo ni wa kutendana. Chuo humuuliza mtumiaji wewe ni nani, na kipakatalishi nacho, kikiwa kimeagizwa kufanya hivyo, hukidai chuo cheti chake. Ile betri ndogo inayoitunza saa ya mashine ikifa, kipakatalishi huamka kikidhani kiko miaka kadhaa nyuma. Hukitazama cheti, kikaona tarehe yake ya kuanza haijafika, kikagoma. Na saa hiyo kwa kawaida hujirekebisha kupitia intaneti, ambayo ndiyo kwanza haifikiki! Katika hali hii mtandao haukumkataa mtu. Kipakatalishi ndicho kilichoukataa mtandao, na dawa yake ni kuisawazisha tarehe kwa mkono. Aliyegeuza mtenda na mtendwa ataandika nywila yake mara ishirini, akiamini kuwa makosa ni ya vidole.

Yanayofuata nayapitia upesi. Mashine ikishaungana na ruta huomba anwani. Ip addr itakuonyesha kama imepewa au imenyimwa. Ikishapewa, jaribu kuifikia ruta yenyewe kwa amri ya ping, kisha nambari ya nje inayojulikana, mathalan 8.8.8.8 ya Google, kisha jina la tovuti yoyote. Nambari ikijibu na jina likatae, njia ni nzima. Aliyelala ni mtafsiri wa majina. Ruta ikijibu na nambari ya nje isijibu, zuio liko mbele ya ruta, na kipakatalishi hakina hatia.

Hapo ndipo lilipo swali la kichwa cha makala haya. Muungano unaokatika ni ule unaolegea wenyewe: ukuta mnene, ruta ya mbali, au hulka ya kadi ya kusinzia ili kuokoa betri, ambayo unaweza kuizima kwa amri ya iw dev wlan0 set power_save off, ukiweka jina la kadi yako mahali pa wlan0. Muungano unaokatwa ni ule ambao msimamizi au mtambo wake ameusitisha, kwa sababu muda wako wa kujisajili umekwisha au kiwango chako cha matumizi kimefika. Wa kwanza hutibiwa chumbani. Wa pili hutibiwa ofisini. Anayekosea silabi moja tu hupanga foleni isiyo yake.

Naam, najua pingamizi lililo tayari midomoni mwa wengi. Watasema kwamba lugha yetu haina istilahi za kutosha, kwamba "kiendeshi" hakijakubaliwa na wote, kwamba "fimuwea" si neno. Najibu kwamba tumelala katika pingamizi hilo muda mrefu mno. Tumegombea jina la sanduku, kama ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na tulipochoka tukageukia mtandao, mdahalishi, wavuti na intaneti, wala katika muda huo wote hatukuandika kurasa kumi za kueleza kinachotendeka ndani ya sanduku lenyewe. Mimi binafsi nalipenda neno kipakatalishi, kwa sababu nasikia ndani yake mama aliyempakata mwana. Lakini sitaacha kuandika ati kwa kuwa mwenzangu analipenda lingine. Neno la kigeni likivaa vazi la Kiswahili na kuingia katika sentensi yenye upatanisho wa kisarufi ulio sahihi, kazi inaendelea. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa.

Isitoshe, atakayedhani kwamba maelezo ya lugha ni pambo tu juu ya kazi halisi ya wahandisi hajaisikia habari ya kadi za Broadcom. Kadi hizo zilijaa katika vipakatalishi vya miaka ya 2000, na kampuni haikuwa imetoa kiendeshi huru cha Linux wala hati za kueleza jinsi zinavyofanya kazi. Wakajitolea watu waliogawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilichunguza kiendeshi kilichokuwepo na kuandika, kwa maneno, maelezo ya yote ambayo kadi hutaka ifanyiwe: kwanza hiki, kisha kile, ukipata jibu fulani fanya hivi. Kundi la pili, ambalo kwa makusudi halikuitazama programu asili ili lisituhumiwe wizi, lilisoma maelezo hayo na kuandika kiendeshi kipya. Kikaingizwa katika toleo la 2.6.17 la kiini cha Linux mwaka 2006. Kampuni yenyewe ilitoa kiendeshi huru kwa kadi zake mpya mwaka 2010. Kilichowavusha ng'ambo watumiaji wengi katika miaka hiyo minne ya katikati kilizaliwa na nathari, hati iliyoandikwa kwa uangalifu na watu waliojua kuchagua vitenzi. Nani asemaye kuwa kazi ya namna hiyo si ya mwanafunzi wa lugha?

Sidai kwamba hakuna waliotutangulia. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice, na faharasa iliyotokana na kazi ile ilitoa heshima kwa lugha yetu. Lakini kutafsiri vibonye ni jambo moja, kueleza hitilafu ni jingine. Kibonye kinachosema "Hifadhi" humfaa mtu siku ambayo kila kitu kiko sawa. Siku mashine ikigoma, kibonye hakimwambii lolote.

Na hapa nitawaudhi baadhi ya wapenzi wenzangu wa Kiswahili. Sipendekezi tutafsiri ujumbe wa hitilafu wenyewe. Ujumbe huo ni kama alama ya kidole: mtu huunakili neno kwa neno na kuutafuta duniani kote, apate waliowahi kuuona kabla yake. Ukishatafsiriwa, hautafutiki tena. Watumiaji wazoefu wa Linux wenye mashine za Kijerumani au Kifaransa hutanguliza LC_ALL=C mbele ya amri zao ili ujumbe urudi katika Kiingereza chake cha asili, na hawajioni wasaliti wa lugha zao. Tuuache ujumbe ulivyo, nasi tuandike ufafanuzi wake: unamaanisha nini, mtendaji ni nani, mtendwa ni nani, na mtu afanye nini kwanza. Daktari wa Mombasa haliiti dawa kwa jina la kujitungia, lakini anapomweleza mgonjwa jinsi ya kuinywa hatumii Kilatini.

Jambo hili lina gharama, tena kubwa. Tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020 na masomo kuhamia mtandaoni, usajili, mihadhara na hata mitihani mingi imebaki huko. Anayekosa mtandao usiku wa mwisho wa usajili hukosa muhula. Mwenye Kiingereza cha kompyuta husoma maelekezo na kujitibu. Asiye nacho husubiri fundi, na fundi ana mabweni sita. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaja lugha yetu kuwa ya taifa na pia rasmi. UNESCO ilitenga siku ya 7 Julai kuwa siku yake mwaka 2021, na kila mwaka husikia hotuba zikitolewa kwa ufasaha wa kupendeza. Ningefurahi zaidi iwapo, baada ya hotuba, pangekuwa na karatasi moja iliyobandikwa mlangoni mwa kila bweni, yenye maswali kama: Redio imezimwa au imezimika? Kadi inaonekana? Inatambulika? Mtandao umekukataa, au mashine ndiyo iliyokataa? Umepewa anwani?

Chama chetu chaweza kuianza kazi hii bila ruhusa ya mtu. Kila toleo la jarida hili lichapishe hitilafu moja iliyoelezwa kikamilifu, tangu dalili hadi tiba, na mwanafunzi aliyeiona kwa macho yake. Wahadhiri wa istilahi na leksikografia nao wakubali maelezo ya aina hiyo kuwa kazi ya muhula, na wayasahihishe kwa ukali ule ule wanaousahihishia uhakiki wa tamthilia. Isome kwanza mtu asiyejua kompyuta, ayafuate maelezo hatua kwa hatua mbele ya mashine iliyogoma. Asipofika, maelezo yarudishwe kwa mwandishi. Hapo juu nimetumia "mtafsiri wa majina" kwa ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa nambari, nami sijaridhika nalo. Aliye na neno bora na alilete katika toleo lijalo, lakini alilete likiwa ndani ya sentensi inayoeleza hitilafu.